Mtoto wa Watu Ugenini

Kina mama wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kuwaona. Wanatembea wawili wawili, shati jeupe, tai, suruali nyeusi, na kibao kidogo cheusi cha jina kifuani. Saa nane mchana, jua likiwa kali na sisi wenyewe tumekimbilia kivulini, wao wako barabarani wanapiga hodi. Watoto huwafuata wakiita "Mzungu! Mzungu!" hata pale ambapo mmoja wa wale wawili ni Mwafrika kama wao.

Watu huwaita Wamormoni. Wenyewe hupenda kanisa lao litajwe kwa jina lake kamili, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, na makao yake makuu yako Salt Lake City, Utah, nchini Marekani. Sisi si waumini wa kanisa hilo, na mahali tunapotofautiana nalo tutapasema. Lakini siku moja mmoja wa vijana hao aliletwa wodini kwetu, na tangu hapo hatujaweza tena kuwapita barabarani bila kufikiri habari za mama zao.

"Mama asiambiwe"

Aliletwa usiku, homa imempanda, anatetemeka hata kitanda kinalia. Umri wake miaka 19, nyumbani kwao ni Utah. Damu ilipopimwa ikaonekana malaria, tena nyingi. Mtoto huyu hakuwahi kuugua malaria maishani mwake, maana kwao haipo, na mwili usiozoea huangushwa upesi. Tulimtundikia dripu, tukaanza sindano za artesunate, tukawa tunampangusa kwa maji ya uvuguvugu.

Mwenzake alikuwa kijana wa Kongo, anazungumza Kiswahili cha Lubumbashi. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na kitanda. Tulipomwambia kwamba saa za kuona wagonjwa zimekwisha, alijibu kwa heshima kuwa hawaruhusiwi kuachana. Tulidhani ni visingizio vya vijana. Kumbe kweli ni sheria yao: wamisionari hawa huishi wawili wawili, hula pamoja, hutembea pamoja, hulala chumba kimoja. Hakuna kumwacha mwenzako. Tukampa blanketi. Tulipomletea chai ya rangi akashukuru, akasema hanywi, maana kanisa lao linakataza chai na kahawa, pamoja na pombe na tumbaku. Basi akapata uji, akaumaliza wote.

Alfajiri homa ikashuka. Mgonjwa akafungua macho, akauliza leo ni siku gani. Ilikuwa Jumamosi. Akahesabu kwa vidole, kisha akatuomba: tafadhali, mama yake asiambiwe mpaka atakapopona. Jumatatu ndiyo siku yake ya kuzungumza na nyumbani, na mama angemwona usoni.

Hapo inafaa tueleze jambo ambalo kila mzazi atalipima moyoni. Kwa miaka mingi mmisionari wa kanisa hili aliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, siku ya Krismasi na Siku ya Mama. Siku nyingine zote ilikuwa ni barua, na baadaye barua pepe mara moja kwa juma. Mambo yalibadilika Februari 2019, pale kanisa liliporuhusu wazungumze na wazazi kila juma katika siku ya mapumziko, kwa simu au kwa video. Mama wa miaka ya 1990 angepata habari ya malaria ya mwanawe wakati kijana amekwisha pona na kusahau. Mama wa leo anaona kwa macho yake kwamba shavu limeingia ndani.

Sisi tulimwambia kijana amwambie mama yake. Katika miaka yetu ya kuuguza tumeona uongo wa huruma ukiumiza zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Hakupenda, lakini wakubwa wake nao walikubaliana nasi, na jioni ile ile simu ikapigwa. Mama hakuuliza habari za dawa. Aliuliza ni nani aliye na mtoto wake usiku. Tukapewa simu. Kiingereza chetu ni cha hospitali, hakina mapambo. Tukasema, sisi tupo, na mwenzake yupo. Upande wa pili kukawa kimya, halafu tukasikia analia.

Kijana anayeitwa Mzee

Alikaa kwetu siku kadhaa, na alipopata nguvu tukamhoji kama tunavyowahoji wagonjwa wote wanaopona.

Hakuchagua kuja Afrika. Kijana hujaza maombi, hupimwa afya, kisha husubiri barua inayomwambia aendako. Yaweza kuwa Brazil au Japan, yaweza kuwa mji wa saa mbili kutoka kwao. Wavulana hutumika miezi 24, wasichana 18. Umri wa kuanza ulishushwa mwaka 2012, wavulana kutoka 19 hadi 18, wasichana kutoka 21 hadi 19. Na mwishoni mwa mwaka 2025 wasichana nao wakaruhusiwa kuanza wakiwa na 18. Kabla ya kuondoka hupitia mafunzo, na chuo chao kinachojulikana zaidi kiko Provo, Utah. Huko hufundishwa namna ya kueleza imani yao, na wanaohitaji lugha ngeni huongezewa majuma. Kanisa hilo lina wamisionari zaidi ya 70,000 duniani, na walio wengi ni wa rika hili.

Halipwi mshahara. Yeye na jamaa zake ndio wanaolipa. Kwa familia za Marekani mchango ulikuwa dola 400 kwa mwezi, na tangu Julai 2020 ni dola 500. Kwa miezi 24 hizo ni dola 12,000. Huyu wetu alianza kuweka akiba tangu yuko shule, akikata majani ya watu na kuosha vyombo hotelini. Wale wanaotoka nchi zenye kipato kidogo, kama yule wa Kongo, hutoa wanachoweza na kanisa hujazia.

Huamka kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Mazoezi ya viungo, kifungua kinywa, kusoma maandiko peke yake, kisha kusoma pamoja na mwenzake. Hutoka kwenda kwa watu, na kurudi ni usiku wa saa tatu hivi. Hana televisheni, hana mchumba wa kutembea naye, haendi nje ya eneo alilopewa. Siku moja katika juma ndiyo ya kufua, kwenda sokoni, kunyoa nywele na kuzungumza na nyumbani. Alituonyesha vidole vyake: alijifunza kufua kwa mikono hapa hapa, akachubuka, mpaka mama mwenye nyumba alipomwonea huruma akamfundisha kukunja ngumi vizuri. Kwao alikuwa anatia nguo kwenye mashine na kwenda zake kucheza mpira.

Jambo lililowachekesha wauguzi wote ni cheo. Kwa Kiingereza mmisionari wa kiume huitwa kwa neno ambalo katika vitabu vyao vya Kiswahili limetafsiriwa "Mzee". Basi mtoto wa miaka 19, ndevu hazijatosha hata kunyolewa, anaitwa Mzee Fulani. Ajuza mmoja wa kitanda cha jirani alimsalimia kila asubuhi "Shikamoo Mzee!" na wodi nzima ikacheka, naye akiona haya mpaka masikio mekundu.

Tulimwuliza kama watu humsikiliza. Akasema wengi hawamsikilizi. Kuna siku nzima ya kutembea bila mlango hata mmoja kufunguka. Usiku hupiga magoti, humwambia Mungu kwamba amechoka na anakumbuka nyumbani, kisha hulala. Hatukuongeza neno. Wapo watumishi wakubwa wasioweza kukiri hivyo.

Palipo na tofauti

Tusifichane. Watu hawa wanashika Kitabu cha Mormoni kama maandiko pamoja na Biblia, na sisi hatukipokei. Wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali kabisa, si kama tunavyokiri sisi. Humbatiza tena mtu aliyekwisha batizwa kwingine. Habari ya wake wengi ilikuwa kweli zamani, na kanisa liliiacha rasmi mwaka 1890. Anayeoa wake wengi leo hutengwa. Kuna na jambo lililotuuma sisi Waafrika zaidi: mpaka Juni 1978 mwanamume mweusi hakuweza kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Tulimwuliza yule kijana wa Kongo. Alisema anaijua habari hiyo, alisoma kabla ya kubatizwa, na ilimsumbua. Hakututolea hotuba. Leo kuna hekalu la kanisa hilo Kinshasa tangu 2019, na jingine Nairobi lililowekwa wakfu mwaka 2025.

Wakija mlangoni pako, mama, huna lazima ya kukubali mafundisho yao. Waambie wazi unaloamini. Lakini wape kiti, na maji ya kunywa. Tumewahi kuona mzee wa kanisa letu akiwafukuza kwa matusi mbele ya wajukuu, tukaona aibu sisi.

Mvulana wa miaka 15

Kijana wetu ndiye aliyetusimulia habari ya Joseph F. Smith, na baadaye tukaisoma wenyewe. Baba yake, Hyrum, aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, Illinois, Juni 1844, pamoja na ndugu yake Joseph, mwanzilishi wa kanisa. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Mama yake, Mary Fielding, akiwa mjane, alisafiri na watoto kwa magari ya ng'ombe mpaka bonde la Salt Lake mwaka 1848, na mwanawe huyu wa miaka tisa akiwaswaga ng'ombe. Septemba 1852 mama naye akafa. Mtoto ana miaka 13.

Yatima huyu akawa mkali. Shuleni, mwalimu alipotoa mkanda ili amchape dada yake mdogo Martha, kaka mtu alimkataza. Mwalimu akamgeukia yeye, naye akampiga mwalimu. Shule ikaishia hapo. Haukupita muda, Aprili 1854, jina lake likasomwa mkutanoni: aende umisionari visiwa vya Hawaii. Umri wake miaka 15.

Sisi tulio na wana wa umri huo tunajua hata kitanda hawatandiki.

Nauli hakuwa nayo. Njiani, California, alifanya kazi ya kuchonga vigae vya mbao vya kuezekea mpaka akapata ya meli. Alifika Honolulu Septemba 1854, mwaka mmoja tu baada ya ndui kuua maelfu ya watu katika visiwa hivyo. Alipelekwa kisiwa cha Maui, mahali panapoitwa Kula, miteremko ya mlima mkubwa. Lugha hajui hata neno. Chakula ni poi, magimbi yaliyopikwa na kupondwa mpaka yakawa kama uji mzito, yakaachwa yachachuke kidogo, yakaliwa kwa vidole. Wakati fulani moto uliteketeza nguo zake, yeye na mwenzake wakabaki na suti moja kwa watu wawili: mmoja akienda ibadani, mwingine anabaki kitandani.

Na huko visiwani akaugua homa. Hana baba, hana mama, na jamaa zake wa Utah wako ng'ambo ya bahari. Barua huchukua miezi. Aliyemchukua ni mwanamke wa Hawaii, mwenyeji, jina lake Ma Mahuhii. Alimuuguza kwa muda wa miezi mitatu kama mtoto wa tumbo lake. Anayejua kuuguza anajua maana ya miezi mitatu. Ni kubeba maji, ni kufua mashuka, ni kuamka usiku kusikiliza kama bado anapumua, na yeye si wako.

Kijana alipona. Lugha akaishika baada ya miezi michache, akatembea visiwa kadhaa akihubiri, akarudi kwao mtu mzima. Uzeeni alisimulia ndoto aliyoiota akiwa kule ugenini, nguo zimechakaa na moyo umevunjika. Katika ndoto hiyo alioga, akavaa nguo safi, akaingia katika nyumba ambamo mama yake alikuwa ameketi. Akasema ndoto ile ndiyo iliyomshika asianguke.

Mwaka 1901 alikuwa rais wa kanisa lake lote, akabaki katika cheo hicho mpaka alipofariki mwaka 1918. Katika safari moja ya kuzuru Hawaii, zaidi ya miaka 50 imepita, watu walijaa bandarini Honolulu na mashada ya maua kumpokea mkubwa huyo. Charles W. Nibley, aliyefuatana naye, ndiye aliyeandika yaliyotokea. Katikati ya watu alikuwapo bibi kizee, maskini, kipofu, umri kama miaka 90, akiita kwa sauti nyembamba, "Iosepa, Iosepa," maana ndivyo watu wa huko walivyolitamka jina lake. Rais aliposikia aliacha wakubwa wote, akamkimbilia, akamkumbatia na kumbusu, akimwita mama, huku machozi yanamtoka.

Bibi alikuwa na kitu mkononi, zawadi aliyomletea mtoto wake. Zilikuwa ndizi chache.