Wageni Wasiojulikana Katika Nyumba ya Baba

Mama mmoja mjane wa hapa Kiomboi ana nyumba Dar es Salaam, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwa miaka mingi ilikaa na mpangaji mmoja, na kodi ya miezi sita ilifika kwa mkupuo. Mpangaji alipohama, binti yake alipiga simu.

"Shikamoo mama. Tusitafute mpangaji tena. Tuiweke kwenye intaneti, wageni walale siku mbili tatu."

"Marahaba. Wageni gani, mwanangu? Watoto wa nani?"

Msomaji mpendwa, usilicheke swali hilo. Kwetu, mgeni aliyeshuka kwenye gari kutoka Misigiri hapewi ufunguo wa gesti kabla ya kuandikwa daftarini: jina, anakotoka, anakokwenda. Anayelala nyumbani ametumwa na shangazi, au ana mgonjwa hospitalini.

Intaneti imeweka kitu kingine mahali pa kujuana. Oktoba 2007, vijana Brian Chesky na Joe Gebbia walitandika magodoro ya kujaza upepo nyumbani kwao San Francisco, Marekani, wakalaza wageni watatu kwa malipo, maana hoteli zilikuwa zimejaa. Mwaka 2008, pamoja na Nathan Blecharczyk, wakaanzisha biashara ambayo leo inaitwa Airbnb. Mgeni huilipa kampuni, nayo hukata ada yake na kumtumia mwenye nyumba fedha baada ya mgeni kuingia. Akiondoka, mgeni na mwenyeji hupimana kwa maandishi, kila mmoja bila kuona kwanza alichoandika mwenzake. Maandishi hayo ndiyo yamekuwa shangazi.

Lakini mpangaji wa mwaka hafuliwi mashuka. Mgeni wa siku mbili hufuliwa, hupigiwa deki, na hupokelewa hata akifika usiku wa manane. Kazi hiyo humwangukia nani? Mara nyingi binti, si kaka zake wanaongoja mgawo. Mapato nayo yanatozwa kodi.

Miji mingine imekwisha kuona upande wa pili, nyumba za kuishi zikigeuzwa za wapita njia. New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa muda wa chini ya siku 30 lazima ajiandikishe na awemo nyumbani pamoja na mgeni. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba itafuta leseni za nyumba za watalii ifikapo 2028.

Mama yule alikubali, kwa masharti. Chumba chenye vitu vya marehemu kifungwe. Watoto wote watie sahihi. Binti alipwe kwa kazi yake kabla ya mgawo wowote. Hapo wana wawili walinung'unika, naye hakurudi nyuma.

Wageni wa kwanza walipoondoka, binti alimsomea kwenye simu sifa walizoandika: usafi, maji, kitanda kizuri. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Na majirani," akauliza, "waliwasalimia?"