Jino Lililorudishwa Mahali Pake Bado Halijapona

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, katika makambi na vituo vyetu jino huweza kung'oka siku yoyote: kiwiko katika mpira wa miguu, ngumi ulingoni, au kuanguka katika mazoezi. Wengi wetu tukiliona chini hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Jino la mtu mzima huweza kurudishwa na likashika tena, ila kazi hiyo ina sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Tulimfahamu mlinda lango wa kikosi kimoja aliyeng'oka jino la mbele. Wenzake walilirudisha papo hapo, na daktari wa meno akalifunga. Aliamriwa arudi baada ya wiki moja. Kabla ya siku hiyo alipangiwa zamu ya mbali, na kwa kuwa jino lilikuwa imara wala halimuumi, akaona hakuna haja ya kuomba ruhusa. Baada ya miezi kadhaa ufizi ulivimba. Picha ya eksirei ilionyesha kuwa mzizi ulikuwa umeliwa, na jino likapotea.

Tuanze na sehemu ya kwanza. Lishike jino kwa upande mweupe unaoonekana mdomoni, wala usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze upesi kwa maziwa au maji safi pasipo kulisugua. Kisha lirudishe tunduni mwake, upande wa mbele ukitazama nje, na majeruhi aume kitambaa safi ili lisitoke. Ikishindikana, au majeruhi akiwa amezimia, litie katika maziwa freshi, si ya mgando, na kumpeleka kwa daktari. Usiliache likauke, wala usilihifadhi ndani ya maji. Nyuzi hai zinazoushikilia mzizi kwenye taya huanza kufa zikikauka. Baada ya dakika 30 nyingi zimekwisha kufa, na baada ya dakika 60 hakuna matumaini ya kuzipata hai. Hata hivyo jino lipelekwe, maana daktari aweza kulirudisha likatumika kwa miaka kadhaa. Jino la utoto halirudishwi.

Daktari hulifunga jino hilo kwa meno ya jirani kwa waya mwembamba kwa muda wa wiki 2, na huuliza pia habari za chanjo ya pepopunda. Hapo ndipo inapoanza sehemu ya pili, yaani tiba ya mzizi.

Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo huingia kwa tundu dogo lililo nchani mwa mzizi. Jino ling'okapo, mishipa hiyo hukatika. Kwa mtoto ambaye jino lake la ukubwani halijakomaa, tundu hilo bado ni pana, na damu yaweza kupenya tena. Kwa mtu mzima tundu limekwisha kuwa jembamba, na nyama ile hufa. Vijidudu huingia humo, na sumu yake hupenya hata nje ya mzizi. Mwili, katika kupigana na adui huyo, huuyeyusha mzizi wenyewe. Haya hutendeka pasipo maumivu, na wakati mwingine kwa wiki chache tu.

Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa majeraha ya meno, uliotolewa mwaka 2020, waagiza kuwa tiba ya mzizi kwa jino lililokomaa ianze kabla ya wiki 2 kupita. Daktari hutoboa jino kwa nyuma, huondoa nyama iliyokufa, husafisha njia ya mzizi, na hutia dawa kama kalisiamu haidroksaidi, ambayo huweza kukaa humo hadi mwezi mmoja. Kisha huijaza njia hiyo na kuiziba. Baadaye jino huchunguzwa kwa eksirei mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, na kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5.

Katika wiki 2 za kwanza majeruhi ale vyakula laini, apige mswaki mwororo kila baada ya mlo, na asicheze michezo ya kugongana.

Tunawaomba maafande wanaopanga zamu waitambue siku ya daktari kuwa ni sehemu ya matibabu, si likizo. Naye askari asingoje maumivu. Bunduki husafishwa hata siku isiyopigwa risasi, kwa sababu kutu huanza ndani ya mtutu, mahali jicho lisipofika. Jino lililorudishwa nalo ni vivyo hivyo.