Joho la Paulo na baridi ya Shume

Shule zimefungwa kwa likizo ya Juni, na huko Shume, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, baridi imekwisha kuingia. Kama hujawahi kufika, nikueleze kidogo. Shume iko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mwezi huu hadi Agosti ukungu hulala juu ya misonobari, na kuna siku jua halionekani hadi karibu adhuhuri. Nguo ukiifua leo, kesho bado mbichi. Mtu mzima hutoka na sweta na juu yake blanketi, na mtoto aliyetumwa maji alfajiri hurudi vidole vimekufa ganzi.

Nimeanza na Shume kwa sababu leo nataka tutafakari kazi ya kanisa dogo wakati wa likizo. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, miezi hii ni kiangazi. Makanisa yao madogo, ya Kipresbiteri na ya madhehebu mengine, hutangaza ratiba ya shughuli: shule ya Biblia ya watoto, chakula cha pamoja uwanjani, siku ya kuwasaidia majirani. Desturi hiyo ina mizizi mizuri. Mwaka 1898, jijini New York, mama mmoja wa kanisa la Kibaptisti aliwaona watoto wakizurura mitaani shule zikiwa zimefungwa. Akakodi ukumbi wa kilabu cha pombe, akawakusanya humo na kuwafundisha Neno la Mungu, nyimbo na kazi za mikono. Hakusubiri watoto waje kanisani, wala hakuona aibu kuingia kilabuni kwa ajili yao.

Sisi likizo yetu ya katikati ya mwaka haina joto wala michezo ya majini. Huku Usambara inaangukia kwenye baridi, na inaangukia kwenye kazi. Viazi vinachimbwa, kabichi zinakatwa, karoti zinaoshwa na kufungwa kwenye magunia, na pale soko la Lukozi malori yanapakiwa kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mtoto aliyefunga shule yuko shambani na baba yake. Je, kanisa dogo la mtaa, lenye mwinjilisti mmoja, wazee wachache na kwaya isiyo na kinanda, linaweza kufanya nini katika majira kama hayo?

Kabla ya kujibu, hebu tuitazame Shume yenyewe. Ukisimama ukingoni mwa mlima unaiona tambarare ya Mkumbara iko chini kabisa, kavu na yenye joto. Zama za Wajerumani ilijengwa njia ya waya kutoka Shume hadi Mkumbara kwenye reli, ikishusha mbao na magogo ya mwangati, mti wa huku unaofanana na mwerezi wa Lebanoni. Waya ule haupo tena, ila safari ya kushuka haijakoma. Viazi vinashuka, kabichi zinashuka, matunda yanashuka. Na vijana nao wanashuka. Wavulana wanakwenda kutafuta vibarua na biashara ndogo mijini. Wasichana, wengine wakiwa bado wadogo mno, wanakwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Kila kitu kinashuka, ndugu yangu. Swali langu la Jumapili hii ni hili: ni kitu gani kinachopanda?

Fungua pamoja nami Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4. Tunaupenda mstari wa 7, ule wa vita vizuri na mwendo uliokwisha, na tunausoma sana misibani. Lakini mara nyingi tunafunga Biblia kabla hatujafika mstari wa 9 na kuendelea. Hapo mtume mkuu anazungumza kama mzee yeyote wa kijijini kwetu. Yuko kifungoni. Dema amemwacha akaenda Thesalonike. Kresko yuko Galatia, Tito yuko Dalmatia. Vijana wote wametawanyika, amebaki Luka peke yake. Ndipo Paulo anamwomba Timotheo mambo matatu ya kawaida kabisa. Katika mstari wa 13 anaomba aletewe joho alilomwachia mtu mmoja mjini Troa, aitwaye Karpo. Anaomba pia vitabu vyake. Na katika mstari wa 21 anamhimiza Timotheo ajitahidi kufika kabla majira ya baridi hayajaingia.

Mtume aliyeandika habari za taji la haki anasikia baridi! Haoni haya kuomba nguo. Imani yake haijamwondolea mwili wa kibinadamu. Na ana sababu ya kutaja majira. Siku zile merikebu ziliacha kusafiri wakati wa baridi kwa hofu ya dhoruba. Soma Matendo 27 uone yaliyowapata waliochelewa. Timotheo akisema, "Nitakwenda mwakani mambo yangu yakikaa sawa," mzee atapitisha baridi yote bila joho. Upendo una majira yake, na majira yakipita kuna mambo hayarudishiki.

Sasa mfikirie bibi mmoja kule juu, wa umri wa miaka themanini hivi. Watoto wake wote wameshuka. Si watoto wabaya. Kila mwisho wa mwezi wanamtumia fedha kwa simu. Lakini fedha ya kwenye simu haichanji kuni, haizibi ufa wa ukuta unaopitisha upepo, wala haiketi jikoni jioni na kuuliza, "Bibi, umeshindaje?" Ukungu ukiingia, bibi huyu hafiki kanisani, kwa sababu njia inateleza na magoti yanauma. Jumapili ya kwanza tunasema pengine anaumwa. Jumapili ya tatu tumezoea kutomwona. Mwezi wa pili hatumtaji tena, mpaka siku kengele itakapolia kututangazia msiba. Siku hiyo tutapanda wote kwa wingi, na sufuria kubwa na mablanketi. Yale mablanketi yalikuwa wapi mwezi uliopita?

Hapa ndipo kanisa dogo linapopata kazi yake, na nawaomba wazee wa kanisa mnaosoma gazeti hili mnisikilize kwa upole. Likizo ikikaribia, vikao vyetu huzungumzia nini? Sare mpya ya kwaya, spika kubwa kuliko za mtaa wa jirani, safari ya mashindano. Sizikatai nyimbo, maana zimetulea. Ila Yakobo 2:15-16 inatuonya juu ya mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo aende akaote moto, naye hampi kitu cha kumpatia joto.

Msidhani napendekeza jambo geni. Wamisionari wa Betheli walipofika Mlalo mwaka 1891, kazi yao haikuishia mimbarani. Mwaka 1896 yalianzishwa huko Lutindi makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye mahali hapo pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili, watu ambao kila mtu aliwakimbia. Irente kuna watoto yatima wanaolelewa na shule ya watoto wasioona. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini, walimu na wazee wa Usambara waliendelea kuyalea makanisa yao wenyewe. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kanisa dogo lisubiri kukua ndipo litumike.

Basi tufanye nini likizo hii? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, tuandike majina. Mzee wa kanisa na mama mmoja wapite kila kitongoji, waandike nani anaishi peke yake, nani anaumwa, nani analea wajukuu na hana nguvu. Wasiulize dini. Usambara ndugu wa tumbo moja huweza kuwa mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, na baridi haibagui. Yule Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza majeruhi anasali wapi.

Pili, tupeleke kuni na nguvu. Milima ya Tanga na Kilimanjaro ina neno la kazi ya pamoja, msaragambo. Tunalitumia kwa barabara na mifereji ya maji. Tulitumie kwa nyumba ya mjane. Vijana ishirini, asubuhi moja, wanaweza kukandika ukuta, kugongomea bati lililolegea, na kuchanja kuni za mwezi mzima. Kuni zenyewe zipatikane kwa utaratibu wa wahifadhi wa msitu, maana hatumtumikii Mungu kwa kuiba miti. Na mkiingia ndani, tazameni jiko. Wazee wengi wakizidiwa na baridi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu usingizini. Mwelezeni bibi taratibu aote moto mlango ukiwa wazi, kisha jiko litolewe nje kabla ya kulala. Neno hilo moja laweza kuokoa uhai.

Tatu, tuwakusanye watoto, halafu tuwatume. Kwa kuwa asubuhi wako shambani, darasa la likizo liwe alasiri, siku tatu kwa wiki, chini ya paa la kanisa. Wajifunze Biblia, wacheze, wapate kikombe cha uji wa moto. Paulo hakuomba joho peke yake, aliomba na vitabu. Mzee ana mwili unaohitaji joto, na ana moyo unaohitaji Neno, naye macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Mtoto wa darasa la tano anaona. Waende wawili wawili na mtu mzima, waamkie shikamoo, wakae chini, wamsomee bibi Zaburi moja. Kisha waulize bibi naye awasimulie alivyoolewa, njaa aliyoiona, nyimbo alizoimba akiwa msichana. Mtoto aliyepitisha likizo hivyo atakuwa amepewa kitu ambacho hata akishuka mjini hatakiacha nyuma. Na mwalimu wa watoto ahesabu vichwa. Binti aliyekuwapo wiki iliyopita na leo hayupo, aulizwe yuko wapi. Kama ametafutiwa kazi ya ndani mjini ilhali bado yu wa shule, wazee wakazungumze na wazazi wake mapema, kabla basi halijaondoka.

Nne, tutenge kabla ya mnada. Mnajua ibada za vijijini zinavyokwisha. Tunatoka nje, na sadaka za mazao zinanadiwa: kabichi, debe la viazi, jogoo. Fedha inaingia kwenye hesabu, na ni vema. Lakini Juni na Julai, kabla mnadi hajafungua kinywa, kiwekwe kando kikapu kimoja kwa ajili ya yale majina tuliyoyaandika. Kipelekwe siku ile ile, kimya kimya. Tuache tabia ya kwenda na mche mmoja wa sabuni na simu kumi za kupigia picha. Mzee si pambo la taarifa yetu ya mwaka.

Mtaona kwamba kazi hizi ni ndogo. Ni kweli. Mkumbuke Karpo wa Troa. Biblia inamtaja mara moja tu, kwa sababu alitunza joho la mtu. Hatusomi kwamba alihubiri, wala kwamba alifungua kanisa. Alikuwa na nguo ya mzee nyumbani kwake, na ilipohitajika ilijulikana iko kwa nani. Kanisa dogo la mlimani likiitwa Karpo, halijaitwa jina dogo.

Sasa nigeuke kwako, msomaji wangu uliyeshuka. Unasoma gazeti hili Dar es Salaam, Tanga au Arusha, baada ya ibada, chai iko mezani. Mama yako yuko Shume, au Mtae, au Makete, au Rombo. Umetuma fedha, Mungu akubariki. Lakini mara ya mwisho kupanda ilikuwa lini? Likizo hii watoto wako wako nyumbani wanatazama televisheni. Wapeleke. Kama kazi haikuruhusu, mpigie mwinjilisti wa kwenu, mwombe ampeleke mtu akaangalie kama bibi ana blanketi la kutosha. Lori lililoshusha kabichi hurudi juu karibu tupu. Sweta moja haitalilemea.

Biblia haituambii kama Timotheo aliwahi kufika kabla ya baridi. Inatuambia tu kwamba aliombwa. Na wewe leo umeombwa.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyesema katika Mathayo 25 kwamba tulipomvika mmoja wa wadogo tulikuvika wewe, utuonyeshe mlango unaopaswa kugongwa wiki hii. Utusamehe kwa wale tuliowapandia siku ya msiba tu. Uwalinde wazee wetu na ukungu wa milimani, na watoto wetu wanaoshuka. Utupe miguu ya kupanda. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.