Kabla hujaingiza kinanda sebuleni

Dominika ya leo nakuomba tutafakari jambo linaloonekana dogo: je, familia inunue kinanda? Sizungumzii kinanda cha parokia. Nazungumzia kile cha nyumbani, cha kukaa sebuleni karibu na televisheni.

Bwana wetu anasema katika Injili ya Luka, sura ya 14, kwamba mtu akitaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Huku Wazo mfano huo hauhitaji mahubiri marefu. Tunaishi chini ya mlima wenye kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na bado mitaani mwetu yapo mapagale yanayosubiri paa mwaka wa kumi sasa. Si kwamba saruji ilikuwa mbali. Hesabu ndiyo haikukamilika.

Sasa sikia habari ya familia moja ya huku kwetu. Binti yao wa miaka 11 alianza kukaa karibu na mpiga kinanda wa kwaya kila Jumamosi baada ya mafundisho, naye mwalimu akaona kwamba mtoto ana sikio. Kisha ikatokea piano iliyotumika, inauzwa na mtu anayehama nchi. Bei yake ilikaribia ada ya muhula ya kaka yake aliyeko sekondari. Wazazi wakaja kwangu wakiwa wamenuniana.

"Padri, siwezi kumrudisha kijana nyumbani kwa ajili ya sanduku la kelele," alisema baba.

Mama akajibu, "Mbona televisheni ilinunuliwa bila kikao, baba watoto?"

Wote wawili walikuwa na hoja. Nikawauliza piano itakaa wapi. Wakatazamana. Kona pekee iliyobaki sebuleni ndiyo anayolala bibi, mama yake baba, tangu alipoletwa mjini kwa matibabu. Hapo nikajua kwamba mazungumzo yamehama kutoka kwenye fedha.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu chombo chenyewe, maana sisi husema "kinanda" tukimaanisha vitu viwili. Piano halisi, iliyobuniwa na fundi Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, yapata mwaka 1700, ina vibonyezo 88 na nyuzi za chuma zaidi ya 200 zinazogongwa na nyundo ndogo za mbao. Hata ile ya kusimama ukutani mara nyingi huvuka kilo 200. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi: mbao huvimba, nyuzi hushika kutu, sauti hupotea. Inahitaji fundi wa kuirekebisha mara kwa mara, na mafundi hao ni wachache. Kwa hiyo bei ya kuinunua ni mwanzo tu wa gharama.

Kinanda cha umeme, kile tunachokiona kwenye kwaya nyingi, mara nyingi kina vibonyezo 61. Mtu mmoja anakibeba, kinasimamishwa ukutani baada ya mazoezi, na mtoto anaweza kuvaa hedifoni jirani asisumbuke. Umeme ukikatika, kinanyamaza. Mwanafunzi wa piano kubwa atakwambia kwamba vidole havipati uzito uleule, na ni kweli. Lakini mtoto anayeanza atajifunzia hapo miaka kadhaa bila kupungukiwa.

Je, Kanisa lina neno la kutusaidia kuamua? Nadhani linalo. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium. Katika namba 120, Mtaguso unaipa ogani ya mabomba heshima kubwa, kisha unaruhusu vyombo vingine kwa kibali cha wenye mamlaka na kwa masharti: chombo kifae kwa matumizi matakatifu, kipatane na hadhi ya nyumba ya Mungu, na kiwajenge waamini kweli. Mwaka mmoja baadaye, katika Lumen Gentium, Mtaguso huohuo uliita familia aina ya Kanisa la nyumbani. Basi na tuyachukue masharti hayo tuyapeleke sebuleni.

Kwanza, kinafaa? Uliza nani atakipiga, nani atamfundisha, na saa ngapi. Kama nusu saa ya mazoezi kila siku haina nafasi kati ya masomo, vyombo na tamthilia, kinanda kitageuka meza ya kuwekea picha za harusi.

Pili, kinapatana na hadhi ya nyumba? Hadhi ya nyumba ya Kikristo haiko kwenye samani. Iko kwa watu waliomo. Chombo kinachomwondoa bibi kwenye kona yake, au kinacholipiwa kwa ada ya ndugu mwingine, kimeishusha hadhi hiyo hata kikipigwa vizuri namna gani.

Tatu, kitawajenga? Hapa nasimama upande wa mama. Daudi hakujifunzia kinubi ikulu. Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, kinasema Sauli aliposumbuliwa na roho mbaya alitafutwa mtu anayejua kupiga, akaitwa kijana aliyekuwa machungani. Alipohitajika, alikuwa tayari. Kuna mtu nyumbani kwake aliyevumilia makosa yake ya mwanzo. Ndugu yangu, mtoto anayejifunza hupiga mstari uleule mara arobaini, na mara thelathini na tisa anakosea. Anayenunua kinanda ananunua pia makosa hayo. Ukiwa tayari kuyasikiliza bila kufoka, umempa mtoto kitu kikubwa kuliko chombo.

Na tahadhari moja kwa sisi wa parokiani: mtoto akijua kupiga, tusimgeuze mali ya kwaya, Misa tatu kila Dominika, hadi akichukie alichokipenda.

Familia ile iliiacha piano. Walichukua kinanda kidogo cha umeme, wakakilipa kwa miezi minne, ada ya kijana ikalipwa kwanza. Baba bado anasema ni ghali. Mazoezi hufanyika jioni kwenye kona ya bibi, maana ndiye pekee mwenye subira, naye husema anataka wimbo wa Bikira Maria uishe kabla hajasinzia. Kama binti atafika mbali, mimi sijui.

Wewe unayefikiria kununua, usianzie dukani. Leo usiku baada ya sala ya familia, zimeni televisheni, mkae kimya kidogo, muulizane: katika nyumba hii, nani yuko tayari kumsikiliza mwenzake akijifunza? Akipatikana mmoja, hesabu ya fedha inaweza kuanza.