Kujificha Nyuma ya Kilima Kulivyowaponza

Je, msomaji, upepo ukivuma utapiga kambi wapi? Bila shaka utajificha nyuma ya kilima. Hivyo ndivyo walivyofanya Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, watafiti kutoka Uingereza waliokwenda Cape Crozier, Antaktika, Julai 1911, kutafuta mayai ya pengwini. Njiani baridi ilifika nyuzi 60 chini ya sufuri.

Walijenga kibanda cha mawe chini kidogo ya kilele, wakakiezeka kwa turubai. Kumbe upepo mkali ukipita juu ya kilele hufyonza vilivyo nyuma yake! Dhoruba ilipeperusha hema lao, kisha ikararua paa. Walibaki ndani ya mifuko yao ya kulalia, wakifunikwa na theluji.

Kwa bahati waliliokota hema chini ya mteremko. Bila hilo, hawangerudi hai.

Basi kabla hujapigilia kigingi, chunguza kwanza njia ya upepo.