Neema ya Haraka na Mzigo Wake



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini mwaka wa neema mara nyingi huzaa madeni na magomvi kuliko mwaka wa shida. Twajibu kwa mfano wa Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, mji ambao khabari zake zimefungamana na visiwa vyetu.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitakiwa sana Ulaya, Marekani na Bara Hindi. Misafara ya pwani ikafika Ujiji, na mji ukakua upesi. Wavuvi na wakulima wakajikuta kati ya wapagazi, madalali na wabadilishaji wa shanga, maana shanga ndizo zilizokuwa fedha ya sokoni. Mtaji ulikopwa Unguja kwa matajiri wa Kihindi, naye mkopaji alikaa bara miaka kabla ya kulipa. Watu pia waliuzwa. Na jasho la watumwa ndilo lililopanda mikarafuu mingi ya visiwa hivi.

Kila faida mpya iliongeza mtu wa kutegemewa. Kamba iliyoungwa kwa vipande vingi, kimoja kikikatika mzigo wote huanguka. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo, ambaye utajiri ule ulipita mlangoni pake, alipigana na wafanyabiashara wa Tabora, na njia ya Ujiji ikafungwa. Pembe zikakwama bara. Aprili 1872 tufani ikang'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikanusurika.

Wingi wa watu nao una mambo hayo hayo. Mwaka 2015, kaskazini ya Ujiji, kijiji cha Kagunga kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi kwa wiki chache. Maji na vyoo havikuongezeka pamoja nao. Kipindupindu kikazuka, na zaidi ya watu 30 wakafa mkoani Kigoma.

Basi kukua si kosa. Kosa ni kukua bila ya kuongeza kile kinachobeba ukuaji: hesabu, akiba, mapatano na maji safi. Msimu mkubwa ukija, tupatane na wachumaji malipo ya kila pishi kabla hawajapanda mtini, tuweke akiba, na asikope mtu juu ya karafuu ambazo hazijaanikwa.

Mwenye suala na aje ofisini.

Katibu