Zimamoto wanaokimbilia moyo uliosimama

Wengi wetu tukisikia king'ora cha gari la zimamoto hutazama juu kutafuta moshi. Mjini Seattle, Marekani, mara nyingi utautafuta bure, maana simu nyingi wanazoitikia wazimamoto wa huko ni za wagonjwa.

Ilikuwaje? Zamani, mtu ambaye moyo wake ulisimama ghafla nyumbani au njiani kwa kawaida alifikishwa hospitali akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1966 Dk. Frank Pantridge wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, alianza kupakia katika gari mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, imfuate mgonjwa alipo. Huko Seattle daktari wa moyo, Leonard Cobb, aliungana na mkuu wa zimamoto, Gordon Vickery. Zimamoto walifaa kwa sababu vituo vyao vimetawanyika mitaani, na usiku na mchana wapo watu tayari kuondoka. Huduma ilianza Machi 1970, ikaitwa Medic One.

Simu ikipigwa 911, gari la kituo cha karibu hutangulia. Wazimamoto wake wamefundishwa huduma ya kwanza ya dharura na wana mashine ya kuushtua moyo. Ugonjwa ukiwa mzito, nyuma yao hufika wawili waliosoma zaidi, kwa zaidi ya saa 2,000. Hao huweka dripu, hutoa dawa na kupitisha mpira kooni ili hewa ipite, wakishauriana na daktari. Kwa hiyo matibabu huanzia sakafuni, hapo hapo mgonjwa alipoangukia.

Lakini hata gari liwe la haraka namna gani, ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Dk. Cobb na Vickery walilijua hilo mapema, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaanza kuwafundisha raia wa kawaida. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa walilofanya kuliko magari yote. Leo hata anayepokea simu humwelekeza aliyepiga namna ya kukandamiza kifua, huku gari likiwa njiani.

Nasi yafaa tujue. Mtu mzima ameanguka, haitikii ukimwita, na hapumui. Pengine anakoroma kwa kukatakata. Usidanganyike, huko si kupumua. Mwite mtu akatafute msaada. Mlaze chali mahali pagumu, siyo kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyosha mikono, kandamiza kina cha sentimeta tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachia kifua kiinuke kila mara. Ukichoka, mwenzako apokee pasipo kukawia. Kwa mtoto na kwa aliyezama majini, kupuliza pumzi mdomoni nako kunahitajika.